Watoto Thelathini na Wanane

Tarehe 19, mwezi wa nane

Skana imewaka. Ilikaa kimya siku kumi na moja, na leo saa nne asubuhi ilipoanza kuvuma, watu waliokuwa kwenye koridoo walipiga makofi kama wako kanisani. Ni skana moja tu tuliyo nayo katika polikliniki yetu, na wagonjwa wengine wanaletwa kutoka mbali, hata Mahagi.

Fundi aliyetoka Kampala alibadilisha tyubu, yaani kile kifaa kinachotoa miale, akajaribu mara tatu, akakusanya vyombo vyake na kukimbilia ndege kabla mvua haijashuka. Shida ni kwamba kwa kuweka tyubu mpya ilibidi airudishe kompyuta ya mashine kama ilivyotoka kiwandani. Programu zote ambazo Chefu Tharcisse, mkuu wetu wa chumba cha picha, alizitengeneza kwa miaka sita zimefutika. Chefu alikaa mbele ya skrini akaanza kuziandika upya, mimi nikimsomea kutoka kwenye karatasi. Kichwa cha mtu mzima, kifua, tumbo. Tulipofika kwa watoto, Dokta Antoine, mkurugenzi wetu, akaingia.

"Chefu, niko na batu kumi na nne inje. Mumoja alianguka na pikipiki, hajafungua macho."

"Nipe dakika kumi, Dokta. Nabakisha batoto."

"Ule mutu hana dakika kumi."

Chefu alimaliza programu za watoto kwa dakika mbili. Sikuangalia alivyofanya. Nilikuwa tayari nafungua mlango.

Tumeanza rejista mpya pia. Nimechora safu kwa rula: jina, umri, anakotoka, dokta aliyemtuma, sehemu ya mwili, saa. Safu ya mwisho ni ya dozi, kiasi cha miale alichopokea mgonjwa. Mashine yenyewe inaonyesha ile namba ukimaliza kupiga picha, na mimi nainakili. Chefu ndiye aliyenizoeza. Anasema kituo kisichoandika dozi ni duka la picha.

Tarehe 20

Mvua. Wagonjwa kumi na tisa.

Tarehe 23

Leo ameletwa mtoto wa kike kutoka Marabo, Faida, miaka minne. Alizaliwa na maji mengi kichwani, na walimwekea kijimrija chini ya ngozi kinachoyashusha mpaka tumboni. Sasa anatapika, na Dokta Antoine, ambaye ndiye anayepasua, anataka kujua kama mrija umeziba. Mama yake anaitwa Tina. Mwembamba, anaongea kidogo, miguu ina matope mpaka magotini.

Watoto wengi wanalia mashine ikianza kuzunguka. Faida aliniuliza nani yuko ndani.

"Hakuna mutu," nikamwambia.

"Sasa nani anapiga kelele?"

Nilicheka mpaka Chefu akagonga kioo. Mtoto alilala bila kusogea, picha ikatoka vizuri. Mrija umeziba kidogo. Dokta atamfungua kesho.

Tarehe 27

Mtungi wa maji unasomeka sifuri. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, napiga picha ya mtungi wa plastiki uliojaa maji. Maji yakisomeka sifuri, mashine inasema kweli. Nikishaona sifuri nasaini karatasi ya ubora na kuibandika ukutani. Leo sifuri, jana sifuri.

Tarehe 1, mwezi wa tisa

Siku ya yenga. Misa ya kwanza ya Jumapili, kisha mvua. Bati la nyumba yetu, mtaa wa Nyakasanza, linavuja juu ya kitanda cha Lucienne, dada yangu, na tumesogeza kitanda mpaka mlangoni. Ananiuliza kila mara kwa nini sitafuti kazi kwenye shirika. Namjibu kwamba Chefu Tharcisse alinichukua kama stajeri, mwanafunzi wa kazi, mwaka tuliokimbia kutoka Mahagi-Port, wakati nguo zangu zilikuwa zile nilizovaa. Hakuniuliza nimetumwa na nani. Alinipa blauzi nyeupe ya kazi ya mke wake, akanionyesha pa kusimama ili miale isinifikie. Mtu wa namna hiyo humwachi.

Tarehe 5

Dokta Antoine amefurahi. Alisimama mbele ya skrini na picha ya kichwa cha mtoto wa miaka mitatu.

"Angalia hii. Naona kila kitu. Mbele picha za batoto zilikuwa na mchanga mchanga. Tyubu mupya ni kitu ingine kabisa."

Chefu aliitikia kwa kichwa akiwa amechoka. Mimi niliona fahari, kama vile ni mimi niliyeitengeneza.

Tarehe 11

Faida amerudi. Homa. Mrija mpya umepata uchafu. Nimempiga picha tena. Aliniambia, "Leo anapiga kelele sana yule mutu wako."

Tarehe 12

Mvua. Wagonjwa ishirini na watatu, pikipiki sita.

Tarehe 18

Faida tena. Wamemtoa mrija, wanataka kuona kama maji yanaongezeka. Tina analala chini ya kitanda cha mtoto kwenye ile sali kubwa ya wagonjwa. Nimempelekea chai na mkate. Ana mume anayechimba dhahabu mbali, hajafika tangu mwezi wa sita. Aliniambia bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Tarehe 26

Faida, mara ya nne. Mrija mwingine umewekwa. Mtungi wa maji sifuri.

Tarehe 4, mwezi wa kumi

Faida, mara ya tano. Kila kitu kiko pahali pake. Wanarudi Marabo kesho kama barabara iko wazi. Juzi risasi zilisikika upande ule na magari yalikaa. Tina alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Aksanti sana, Mama Honorine. Mashine yenu ilimuponyesha."

Tarehe 10

Sijui nianzie wapi.

Umeme ulikatika asubuhi na jenereta ikakataa. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tukawa tunasemezana kwa mikono. Kwa kuwa hapakuwa na kazi, nilikaa kuandika ripoti ya miezi mitatu, na kwa ajili hiyo nikaweka rejista mbili mezani, ile ya zamani na hii mpya. Ripoti inataka wastani wa dozi kwa watu wazima na kwa watoto.

Kwenye ya zamani, watoto: 22, 27, 24, 31, 25. Kila mtoto na namba yake, kadiri ya umri. Kisha nikafungua mpya. Mtoto wa miaka miwili: 62. Mtoto wa miaka minne: 62. Wa miaka saba: 62. Wa miezi minane: 62. Nikageuza kurasa. Sitini na mbili, sitini na mbili, mpaka jana. Ni namba ya mtu mzima. Ni namba ya mwanaume aliyeanguka na pikipiki.

Na mwandiko ni wangu. Hilo ndilo siwezi kulitoa kichwani. Hakuna aliyenificha. Nilikuwa naiangalia kwenye skrini, naiandika kwa kalamu ya bluu, nachora mstari, namwita anayefuata. Wiki saba.

Nilimwita Chefu. Hakukaa. Alisoma akiwa amesimama, kidole chake kikishuka kwenye safu ya mwisho, na kidole kilipofika chini kilirudi juu kuanza tena.

"Ile siku ya fundi," alisema. "Nilikopisha ya mutu mukubwa, nikabadilisha jina tu. Nikasema nitarudilia magaribi."

"Na haukurudilia."

"Sikurudilia."

Umeme ulirudi saa nane. Alifungua programu: jina linasema mtoto, ndani yake kila kitu ni cha mtu mzima. Ndiyo sababu picha zilikuwa safi hivyo. Ukimwaga miale mingi, picha inapendeza. Na mtungi wangu wa maji haukukosea hata siku moja: mashine ilikuwa inatoa sawasawa kile ilichoamriwa. Mimi nilikuwa napima kama inasema kweli, sikupima tunachoiamuru.

Chefu alirekebisha yote kwa robo saa, akajaribu kwa mtungi, dozi ikasoma 25. Robo saa. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, bila kuniangalia, "Sasa imekwisha. Tunaiacha hapa, siye wawili."

Nilihesabu baada ya yeye kutoka. Watoto thelathini na wanane. Thelathini na saba mara moja moja. Faida mara tano.

Tarehe 11

Sikulala. Nimesoma tena madaftari yangu ya shule. Kwa mtoto aliyepigwa picha mara moja, hatari iliyoongezeka ni ndogo sana, huwezi kumwonyesha mtu kidole na kusema ni huyu. Kansa, kama ikija, itakuja baada ya miaka kumi, ishirini, na hakuna atakayejua ilitoka wapi. Hilo linapaswa kunituliza. Halinitulizi. Kosa ambalo halitaonekana kamwe linatuachia nafasi ya kulala vizuri, na sitaki kulala vizuri.

Na Faida. Mara tano, kila mara zaidi ya mara mbili ya iliyohitajika. Na ataendelea kuja, kwa sababu ana mrija.

Tarehe 14

Nimekwenda kwa Dokta Antoine. Sikumwambia Chefu. Njiani kwenye koridoo nilipita karibu naye, akanisalimu, nikajisikia mwizi.

Dokta alisikiliza mpaka mwisho. Alifunga mlango, kisha akafunga dirisha pia.

"Nani anajua?"

"Chefu, miye, na sasa weye."

"Na ni nani aliyekuwa anaandika namba?"

"Miye, Dokta. Kila siku."

Nje mtu alikuwa anakoroma kwenye machela.

"Sikiya, Honorine. Siku kumi na moja skana ilikuwa imekufa. Katika zile siku nilipoteza batu bane, ambao kama ningekuwa na picha ningejua fasi gani ya kupasua. Kama tunatangaza hii, batu watakimbia. Wataogopa ata picha ya mufupa. Weye unataka batoto wangapi wafe juu ya uoga?"

Alikuwa amekosea na alikuwa na haki, yote mawili, na niliondoka nikiwa namchukia kwa sababu ya ile haki.

Tarehe 16

Chefu Tharcisse amesimamishwa. Karatasi inasema uzembe. Jina langu halimo. Nilirudi kwa Dokta nikamwambia kwamba kosa ni letu sote wawili, kwamba Chefu aliweka programu na mimi niliandika. Alijibu bila kuinua macho: "Nikiwafukuza wote wawili, kesho nani atafanya kazi?"

Chefu alikuwa anakunja blauzi yake kwenye mfuko wa plastiki. Nilitaka kumwambia ni mimi niliyesema. Alikuwa anajua.

"Ulifanya muzuri," alisema. "Miye ningekuwa na miaka yako, sijui kama ningefanya."

Kisha akaongeza, "Lakini ulinipita kwenye koridoo, haukuniambia. Ile ndiyo inaniuma."

Alitoka kwenye mvua bila mwavuli. Miaka tisa nimefanya kazi na mtu yule.

Tarehe 17

Wagonjwa kumi na saba, peke yangu.

Tarehe 18

Wagonjwa ishirini na mmoja. Kila dozi ninaisoma kwa sauti kabla ya kuiandika. Mgonjwa mmoja aliniuliza kama nasali.

Tarehe 22

Tina alileta mtoto kuangaliwa kidonda. Haikuwa siku yake ya skana. Niliwaona kwenye ua, Faida amekaa kwenye ngazi anakula ndizi, nywele zimeanza kuota juu ya mishono. Dokta alikataza kusema. Nilikwenda nikakaa karibu na mama yake.

Nitaandika nilivyosema, kwa sababu nilisema vibaya. Nilianza na namba. Nilimwambia sitini na mbili badala ya ishirini na tano, mara tano. Nilimwambia miale haionekani na haisikiki. Halafu nikataja kansa. Nilikuwa na haraka ya kuutoa mzigo kifuani, na nikamtwika yeye.

Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ile siku nilikuambia aksanti, ulikuwa unajua?"

"Hapana, Mama Faida. Sikuwa najua."

"Lakini ulikuwa unaandika."

"Nilikuwa naandika."

Alisimama, akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akafunga fundo mara mbili. Faida alinipungia mkono wenye ganda la ndizi. Nilitaka kuongeza kwamba siku hizi mashine iko sawa, kwamba mtoto akitapika amlete bila kusita. Walikuwa wamefika barabarani.

Tarehe 27

Siku ya yenga. Sikwenda misa. Lucienne amesema nimekonda. Maji yameingia mpaka jikoni.

Tarehe 5, mwezi wa kumi na moja

Leo ilikuwa siku ya Faida kuja kwa kontroli, mrija uangaliwe. Hawakuja. Wanasema barabara ya Marabo ina mashimo yanayomeza gurudumu zima.

Tarehe 6

Hawakuja.

Tarehe 8

Niliomba namba ya simu ya Tina kwa muuguzi wa sali. Simu imezimwa.

Tarehe 9

Mvua. Simu imezimwa.

Tarehe 12

Nilikwenda kwa Chefu Tharcisse nyumbani kwake. Mke wake alinipokea bila kunikaribisha kiti. Alisema mzee amekwenda Marabo wiki iliyopita, kwa shamba la shemeji yake, kuvuna maharage kabla hayajaoza. Niliandika barua fupi pale pale mlangoni, nikampa apeleke dereva anayepita huko: Chefu, nisamehe, mtafute yule mtoto Faida, mama yake ni Tina, nyumba yao sijui.

Tarehe 16

Walifika saa tisa mchana. Pikipiki moja: dereva, mtoto katikati amefungwa kwa plastiki nyeusi, Tina nyuma. Na ya pili ikimfuata, Chefu Tharcisse, matope mpaka kwenye nyusi.

Niliposikia jina niliacha mgonjwa mezani nikatoka mbio. Faida alikuwa anatapika tangu siku tisa. Macho yake yalikuwa yanatazama chini na hayapandi. Nilimwita, akageuza kichwa kuifuata sauti, macho hayakunifikia.

"Mama yake alikuwa anamuficha," Chefu alisema, akihema. "Nilimukuta ndani ya nyumba, mulango umefungwa. Anampa dawa ya miti. Nilimuambia twende, akasema hapana, kule munachoma batoto. Nilipiga magoti, Honorine. Miye muzee nilipiga magoti kwa matope. Nikamuambia: miye ndiye nilikoseaka, siyo mashine. Mashine iko sawa. Nitakaa naye kule kama mutu wa deni mpaka arudi muzima. Ndiyo akakubali."

Tina hakuniangalia. Alimshika mtoto miguu nilipomlaza. Nilimwambia lazima atoke ndani ya chumba, miale isimpate. Alikataa. Nilimvalisha aproni ya madini ya risasi, ile nzito inayozuia miale, akabaki akiwa ameshika miguu.

"Ni ngapi?" aliuliza.

"Itakuwa vingt-quatre. Ishirini na ine. Utaiona weye mwenyewe."

Mashine ilizunguka. Safari hii Faida hakuuliza nani yuko ndani. Nilimwita Tina kwenye skrini nikamwonyesha kwa kidole: 24. Alisoma tarakimu moja moja, midomo ikisogea. Kisha akaangalia picha. Hata mtu asiyesoma picha angeona. Maji yalikuwa yamejaa kichwani, yameusukuma ubongo mpaka pembeni kabisa.

Dokta Antoine alimpasua saa kumi na nusu. Alipokuwa ananawa mikono alimwona Chefu kwenye koridoo, akampa mkono.

Tarehe 17

Yuko hai. Amekunywa maji.

Tarehe 20

Faida haoni.

Dokta alimwekea tochi machoni, moja baada ya jingine. Maji yalikandamiza mishipa ya macho siku nyingi mno. Alisema labda mwanga kidogo utarudi, labda kivuli. Nilivyomwona anavyosema, nilijua haurudi.

Mtoto anadhani ni usiku. Anauliza mama yake kwa nini watu hawawashi taa.

Tarehe 21

Wagonjwa kumi na sita.

Nawaza hivi, na siwezi kumwambia Lucienne: miale ile mingi labda isingemdhuru kamwe. Kilichomchukua macho ni maneno yangu kwenye ua, siku ya ndizi. Nilisema ukweli. Kila neno lilikuwa kweli. Nilisema tu ile nusu iliyokuwa inaniuma mimi, nikaacha nusu iliyokuwa ya kumlinda yeye.

Tarehe 24

Siku ya yenga. Nilikaa na Tina kwenye benchi nje ya sali, mvua inanyesha mbele yetu. Nilimwomba msamaha.

"Papa Tharcisse alikuya kuomba musamaha. Dokta alikuya. Sasa weye. Kila mutu anakuya kuniachia muzigo wake. Miye nitaweka wapi yote?"

Baadaye aliniuliza wangapi.

"Wangapi nini?"

"Batoto. Haikuwa Faida peke yake."

"Trente-huit. Na yeye ndani. Thelathini na nane."

"Mama zao wanajua?"

"Hapana. Dokta alikataza."

Aliinama akakamua upindo wa kitenge chake, maji yakadondoka kwenye saruji.

"Waambie," alisema. "Lakini siyo vile uliniambiaka. Mutu akisikia vile, anafunga mulango."

Tarehe 26

Nilimwekea Dokta Antoine orodha mezani. Majina thelathini na saba, mtaa, simu. Nilimwambia kwamba habari itatoka tu, kwamba Marabo nzima inajua tayari, na kila nyumba itaisikia kwa mdomo wa jirani, na jirani hatasema mtoto akitapika aletwe. Alisoma orodha yote. Alikuwa na macho mekundu. Tangu upasuaji ule analala ofisini.

"Nilidhani nikinyamaza, uoga hautaingia," alisema. "Uliingia."

Alisaini juu ya karatasi. Halafu akasema nianze na wa karibu, na kwamba yeye atapokea kila mzazi atakayekuja, hata akija na jiwe.

Nilimwuliza kuhusu Chefu. Alisema karatasi ya kumsimamisha imekwenda juu, haiko tena mikononi mwake. Sijui kama ni kweli.

Tarehe 28

Faida na mama yake wamerudi Marabo. Chefu Tharcisse amewasindikiza. Atabaki kule, amechukua majina sita ya watoto wa Irumu, upande ule ule, atawatembelea yeye mwenyewe. Alinishika bega kabla ya kupanda. Aliniambia asubuhi, baada ya mtungi wa maji, nifungue kila programu na kusoma kilichomo ndani, siyo jina tu. Nilimwambia nafanya hivyo tayari. Alisema anajua, anasema tu.

Faida alipanda pikipiki akiwa amenyoosha mikono mbele, akitafuta mgongo wa dereva.

Tarehe 1, mwezi wa kumi na mbili

Siku ya yenga. Baada ya misa nilikwenda nyumba ya kwanza, hapa hapa Nyakasanza, nyuma ya soko. Baba anaitwa Prudent, mshonaji. Binti yake Vicky, miaka saba, alianguka kutoka juu ya ukuta mwezi wa tisa, nikampiga picha ya kichwa mara moja. Alikuwa anacheza kamba mlangoni niliposimama. Mvua ilikuwa imepungua, inadondoka tu.

Prudent alinipa kiti, yeye akabaki kwenye cherehani, mguu juu ya pedali. Niliweka kitabu cha misa magotini.

Nilianza hivi: "Papa Vicky, kwanza hii. Mutoto akianguka tena, akitapika, akilala kupita kawaida, mumulete siku ile ile. Musingoje ata saa moja. Skana iko sawa, na utaona namba na macho yako."

Kisha nikaeleza. Kwamba tulikosea. Kwamba alipokea miale ya mtu mkubwa, mara moja. Kwamba hatari ni ndogo, kwamba hakuna dawa ya kumpa wala kipimo cha kumfanyia, kwamba akienda kwa dokta mwingine aseme. Sikukimbiza maneno. Nilisema na jina langu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mguu wake haukugusa pedali.

"Ni weye uliandika ile namba?"

"Ni miye."

Alimwangalia Vicky mlangoni muda mrefu. Nilidhani ataniambia niondoke, na nilikuwa nimeshashika mwavuli. Akageukia pazia la chumba cha ndani.

"Mama Vicky," aliita, "kuya hapa. Acha ile chungu. Kuya ukae." Kisha kwangu, sauti kavu: "Anza tena. Na yeye asikie kwa mudomo wako."

Mke wake alitoka akipangusa mikono, akakaa juu ya marundo ya vitambaa, akaniangalia. Nikaweka mwavuli chini. Nikaanza tena, tangu mwanzo.